Majina ya Watu wa Karusandara

Daktari Nsereko alizikwa Jumamosi, kwao upande wa Masaka, na mimi nilisafiri siku nzima kutoka Bwera kwenda kumsindikiza. Waombolezaji wengi walikuwa wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye mvi, na hakuna aliyenijua. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wa pale, nikala matoke niliyopewa, nikasikiliza hotuba za watu waliosema marehemu alikuwa mtu wa kuaminika. Walipoanza kutawanyika, binti yake Justina akanifuata, akaniuliza kama mimi ndiye Kavira aliyekuwa akipiga chapa Kasese. Nilipoitikia alinishika mkono, akanipeleka chumba cha ndani kilichojaa vitabu, akafunga mlango. Akasema, "Mama, baba alinieleza mambo ya mwaka ule, lakini alinieleza upande wake. Nataka nisikie wako." Nilimweleza, na niliyomweleza ndiyo ninayoyaandika hapa, pamoja na alichonijibu.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wanajeshi walikuwa wameshika nchi, na watu walikwisha kujifunza kusema kwa sauti ya chini hata wanapoulizia bei ya chumvi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, napiga chapa vyeti vya ubatizo katika ofisi ya parokia pale Bwera, mpakani na Kongo, Daktari, mtaalamu wa udongo wa chuo kikuu, alipokuja kumwomba padre mtu anayejua mashine na anayejua Kiingereza, Kiswahili na Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa kule. Padre akanionyesha kwa kidole. Ndani ya wiki moja nilikuwa Kasese, katika nyumba ya kupanga karibu na stesheni, mahali reli inapoishia. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, mashine ya kupiga chapa na viti viwili visivyolingana. Chumba cha kati hakikuwa na kitanda wala meza, ila mbao ukutani, na juu ya mbao makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa udongo, kila moja na karatasi yenye namba. Udongo ule ulikuwa na harufu ya kutu na njiti za kiberiti zilizolowa maji. Chumba cha nyuma walilala Daktari na msaidizi wake, Bwana Byaruhanga, kijana mwenye mashati safi aliyekuwa akisomea shahada ya pili. Mimi nililala kwa mama mmoja mjane jirani, na kila Jumamosi nilirudi Bwera.

Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza, ila watu hawakuiamini. Mgodi wa shaba ulikuwa umeacha lundo la mawe yaliyosagwa, na kila mvua ilipolipiga, maji ya rangi ya kijani yalishuka mpaka mashamba ya chini, upande wa Karusandara. Palipopita maji yale ardhi ilishika gamba jekundu. Pamba ilikufa, maharage yaligeuka manjano kabla ya kutoa ua. Daktari aliamini udongo ule unaweza kuponywa kwa chokaa, kwa samadi, na kwa aina fulani za majani zinazovumilia shaba na kuizuia isitembee. Lakini kuthibitisha hilo kulihitaji maabara, vibarua na miaka kadhaa, na chuo kikuu hakikuwa na uwezo huo. Ilibidi kuiomba serikali. Kwa hiyo mwaka mzima tuliandika ombi moja. Nililipiga chapa sijui mara ngapi, na nakala zake za kaboni, na kila lilipofika wizarani lilirudi na swali jipya: nani kaagiza utafiti huu, kwa nini Kasese, kwa nini sasa. Daktari alijibu kila swali kwa heshima, na mimi nikaanza karatasi mpya.

Watu wa Karusandara hawakutuamini, na sikuwalaumu. Mara ya kwanza tulipokwenda, walisimama mbali wakitutazama tukichimba vishimo na kutia udongo kwenye makopo. Bwana Byaruhanga alikuwa na daftari, na kila mtu aliyemsogelea aliulizwa jina. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwa Lhukonzo kwamba tumekuja kutafuta shaba nyingine chini ya mihogo yao, na tukiipata watahamishwa wote. Mwenzake akasema hapana, hawa ni watu wa serikali wanaohesabu watu waliotoka Kongo. Nami nilikuwa na jina la Kongo. Wakonzo waliniita Biira, kama wanavyomwita binti wa pili kuzaliwa, lakini kila nilipofungua mdomo walisikia Kiswahili cha Butembo, ng'ambo ya mpaka, na nilijua wananiweka upande gani.

Bwera hali haikuwa afadhali. Nilikuwa nafikia kwa Mama Kahindo, mwanamke wa Butembo aliyefanya biashara ya kahawa, ambaye jiko lake halikukosa wageni. Jumamosi moja alinipakulia bundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, akakaa mbele yangu bila kula.

"Kavira, bale batu yako ya Kampala beko banatafuta nini?"

Nikamweleza habari za maji ya kijani na chokaa.

"Na serikali itabapatia feza juu ya kuponesha budongo," akasema. "Batu benyewe haibaponeshe, itaponesha budongo." Akanisogezea bakuli la sombe. "Mutoto, sikia. Mutu akipima shamba ya mwenzake leo, kesho anakuja na kamba. Wewe utakuwa umemushikia kamba."

Nilicheka kidogo. Jumatatu yake nilirudi Kasese na Daktari, niliyemkuta njiani Kinyamaseke, tukiwa na makopo sita ya udongo msafi wa huko, wa kulinganisha na ule mbovu. Pale njia panda ya Kikorongo palikuwa na kizuizi. Askari mmoja akatuamuru tushuke kwenye lori, akafungua kopo la kwanza, akalinusa, akafungua la pili.

"Hii nini?"

"Udongo, afande," Daktari akasema.

"Mimi naona ni udongo. Nauliza iko ya nini."

Kiswahili cha Daktari kilikuwa haba, kikamwishia hapo. Nikasema mimi, "Ni ya shamba, afande. Wanaangalia kama maharage inaweza kukubali."

Askari akamtazama Daktari kuanzia viatu. "Mutu mukubwa namna hii, na miwani, anabeba udongo ya maharage." Akamwaga makopo yote sita kando ya barabara, akayapiga chini kutafuta kilichofichwa ndani, kisha akatutupia matupu. "Panda." Ndani ya lori Daktari alifuta miwani yake mpaka tulipokaribia Kasese. Halafu akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha polepole, kama ninamfahamu askari yule. Nikasema simfahamu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesadiki, lakini alikuwa ameuliza, na swali hilo sikulisahau.

Katikati ya hayo alikuwapo mtu mmoja aliyebadilika, Mzee Bwambale. Alikuwa na shamba la chini kabisa, lililoharibika zaidi, na ndiye aliyekubali Daktari alime pale vitalu vitatu vya majaribio, kila kimoja si kikubwa kuliko kitanda. Kimoja kilitiwa chokaa na samadi, kimoja chokaa tupu, kimoja kikaachwa vilevile. Kwa miezi Mzee Bwambale alitutazama akiwa amekaa juu ya jembe lake. Maharage ya kitalu cha kwanza yalipokomaa, majirani walikuja kuangalia. Mke wake aliyachuma, akayapika pale pale nyumbani, akayaleta kwenye sahani ya bati na kuyaweka mbele ya Daktari. Ilikuwa saa sita mchana na sote tulikuwa na njaa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Kula, daktari," Mzee Bwambale akasema. "Wewe ndiyo umeponesha. Ukikula, na mimi nitakula."

Bwana Byaruhanga akaninong'oneza kwamba Daktari ale tu, hata kijiko kimoja, kwa sababu watu wote wanatazama. Nami nilifikiri hivyo hivyo. Daktari akaniambia nitafsiri neno kwa neno. "Mwambie sitakula. Mwambie mmea unaweza kuota vizuri na bado ukawa na sumu ndani. Sijui kama haya ni salama. Nitayapeleka Kampala yapimwe, na mpaka hapo asile, wala mkewe asile, wala wasimpe mtoto."

Nilitafsiri huku uso ukiniwaka. Majirani wakaanza kunong'ona, na mmoja akaondoka akicheka. Lakini Mzee Bwambale akamtazama Daktari kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Akachukua sahani, akamimina maharage yote kwenye kopo, akalifunga mwenyewe na kulikabidhi. "Huyu anaweza kusema hajui," akaniambia. "Wengine wote wanakuja hapa wanajua." Jioni ile aliniita kando, akanitajia jina lake kamili, jina la baba yake, na mahali mpaka wa shamba lake unapoanzia na kuishia, akanihimiza niandike vizuri. Nikaandika. Baada ya siku hiyo wengine walianza kukubali kuandikwa, mmoja mmoja, hata waliotoka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu yeye alikubali.

Ndipo alipokuja mgeni mmoja kutoka wizarani. Alifika kwa treni, mwanamume mnene mwenye mkoba wa ngozi, akakagua makopo bila kuyagusa. Yule mjane niliyelala kwake alikuwa amepika samaki wa ziwani na ndizi, na mimi nilikuwa jikoni nje nikipakua. Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi. Nilimsikia mgeni akisema ombi ni zuri, ila linakosa jambo moja: orodha ya wenye mashamba yote yaliyoathirika, jina, ukubwa wa shamba, na mahali mtu alipozaliwa.

"Mahali alipozaliwa kwa sababu gani?" Daktari akauliza.

"Serikali haiwezi kusafisha mashamba ya watu wasio wake," mgeni akajibu. "Kuna wengi kule ambao, tukiangalia vizuri, hawastahili hata kuwepo."

Nilingoja Daktari aseme kitu. Nikasikia kijiko kikigonga sahani. Aliyejibu alikuwa Bwana Byaruhanga, akasema orodha ipo, majina thelathini na moja, na Kavira anaweza kuipiga chapa kesho. Niliingia na bakuli la pili la samaki. Mgeni akaniuliza kwa upole mimi ni mzaliwa wa wapi. Nikasema Bwera. Alikuwa akitenganisha miiba kwa vidole, akaipanga ukingoni mwa sahani. "Bwera upande gani?" akasema, na hakungoja jibu.

Hata leo siwezi kusema kwa hakika orodha ile ingetumiwaje. Labda ingebaki ndani ya jalada, ikaliwa na mchwa. Lakini siku zile mtu aliweza kuchukuliwa kwa sababu ndogo kuliko mahali pa kuzaliwa, na maneno ya Mama Kahindo kuhusu kamba yalikuwa yamenikaa shingoni. Kesho yake asubuhi Daktari aliniletea daftari, akaliweka mezani, akaniita kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, piga kama walivyotaka." Hakunitazama. Nikamshuku. Niliamini ameuza watu wale kwa ajili ya maabara yake, na kwamba hata ile sahani ya maharage ilikuwa namna ya kutega imani. Nikaingiza karatasi kwenye mashine. Badala ya jina la kwanza nikapiga Mkulima 1. Chini yake Mkulima 2. Nikaenda hivyo mpaka 31, ukubwa wa shamba mbele ya kila namba, na safu ya mahali pa kuzaliwa sikuiweka kabisa. Nikaiweka katikati ya ombi, nikatia vyote kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi. Daftari nikalitia motoni jikoni kwa mjane, nikalikoroga mpaka likawa jivu. Bwana Byaruhanga alipoliulizia nilimwambia nimelirudisha mbaoni na makopo. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nijue kwamba na yeye ananishuku, ila kwa jambo jingine: alidhani nawapelekea watu wa mgodi habari zetu.

Daktari alichukua bahasha, akapanda treni ya Kampala. Alirudi baada ya siku tisa. Aliniita chumba cha mbele, akamwita na Bwana Byaruhanga, akafunga dirisha. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile wala baada yake. Alisema nimemwaibisha mbele ya wakubwa, kwamba bahasha ilifunguliwa mezani na yeye akakuta namba badala ya watu, kwamba alilazimika kudanganya kuwa sayansi haitumii majina. Akaniuliza nani kanituma. Nikasema hakuna. Akauliza daftari liko wapi, nikasema nimelichoma. Bwana Byaruhanga akapiga mluzi mdogo. Daktari akasema nitaendelea na kazi kwa sababu hana mwingine, lakini nisiguse tena barua yoyote kabla hajaisoma. Kwa wiki nyingi baada ya hapo tulikula meza moja bila kuzungumza.

Ombi lilirudi kabla ya mvua kwisha. Barua ilikuwa na mistari minne, ikisema maelezo hayakukamilika na jalada limefungwa. Nilijipongeza moyoni kwa siku chache. Kisha nikatumwa Karusandara kumwarifu Mzee Bwambale kwamba majaribio yamesimama, na kwamba majibu ya maharage yake bado hayajafika. Nilimkuta anang'oa gamba jekundu kwa jembe, kitalu baada ya kitalu, akijaribu mwenyewe. Alikuwa ameomba chokaa kwa fundi wa nyumba. Nilimweleza, na kwa kuwa nilitaka anishukuru, nikamweleza pia kwamba jina lake liko salama, serikali haikuliona.

Akasimamisha jembe. "Haikuliona kwa nini?"

"Nilificha, mzee. Majina yote. Nilipiga namba."

Alikaa chini polepole. Maneno yake nayakumbuka yote. "Mimi nilikupatia jina yangu kwa mudomo yangu. Nilitaka hiyo serikali ijue hii udongo imekufa iko ya nani. Ya mutu. Wewe ukawaambia iko ya namba." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Kama mutu anataka kujificha, anajificha mwenyewe. Mimi sikukuomba."

Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisini, nikaona kwamba katika mwaka mzima wa kushuku kila mtu, sikuwahi kumwuliza hata mmoja wa wale thelathini na moja anataka nini. Nikamwuliza basi. Akasema tuandike upya, na kila mtu ajisemee. Tulitembea nyumba kwa nyumba siku tatu, yeye mbele na mimi nyuma na karatasi. Waliokubali kuandikwa walikuwa kumi na tisa. Wengine walikataa, na mmoja alinifungia mlango kabla sijasalimia. Mke wa Mzee Bwambale alitaka jina lake liandikwe peke yake, si chini ya la mumewe, kwa sababu kitalu cha maharage alikipalilia yeye. Mahali pa kuzaliwa hatukuandika pa mtu yeyote. Daktari alisoma karatasi hiyo akiwa amesimama, akaisoma tena, akaitia sahihi, akaipeleka Kampala mwenyewe. Jibu halikuja. Yule mgeni wa wizarani hakuwapo tena ofisini kwake, na hakuna aliyesema yuko wapi. Miezi michache baadaye Daktari alipata nafasi ya kufundisha Nairobi, akaondoka. Bwana Byaruhanga akaenda zake, sikusikia tena habari zake. Mzee Bwambale alihamia mlimani na mkewe, wakalima kahawa kwenye shamba la shemeji. Mimi nilirudi parokiani kwenye vyeti vya ubatizo.

Nilipomaliza, Justina alichungulia dirishani. Nje waliobaki walikuwa wakikunja mikeka. Nikamwambia kitu kilichonisafirisha siku nzima: kwamba baba yake alikuwa mtu mwema, kwamba nilimdhania mabaya, na sikupata kumwomba radhi.

"Mama," akasema, "baba aliifungua ile bahasha stesheni."

Nikamwuliza stesheni ya wapi, nikidhani amekosea.

"Kasese. Treni ilichelewa kuondoka. Alisema alikuwa hajalala usiku wote kwa sababu ya ile orodha, akaamua aitoe na kuichana. Akachana gundi kwa kisu, akakuta namba zako. Akainunulia bahasha nyingine dukani, akapanda."

Nyumba yetu ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka stesheni. Angeweza kurudi. Angeweza kunitazama tu, siku yoyote kati ya siku zile za ukimya. Nilihisi hasira ikinipanda, hasira ya msichana wa miaka ishirini na miwili, ndani ya mwili huu wa kizee, kwenye nyumba ya msiba. Nikamwuliza kwa nini basi alinifokea vile.

"Ili yule kijana msaidizi asikie. Baba hakujua kijana huyo anampelekea nani habari."

"Na mimi? Kwa nini hakuniambia mimi, hata baadaye?"

Justina aliinamisha macho, na nikajua kwamba swali hilo naye aliwahi kumwuliza baba yake. "Alisema hakuwa na hakika kama ungenyamaza."

Kisha nikamwambia kwamba baba yake alifanya sawa kutokuwa na hakika, kwa sababu mwaka ule, kama askari yeyote angenibana pale Kikorongo, ningemtaja yeye kwanza.